Reli imeota kutu kando ya weldi: je, mashine ya kuhesabu atomu itamtaja mkosaji?

Fundi mmoja wa kuchomelea kutoka Mtongwe, Mombasa, ameniandikia hivi:

“Shikamoo mwalimu. Nilitengeneza reli za stenlesi za boti ya watalii. Haikutimia miezi minne, kutu ya kahawia ikajitokeza kando ya weldi, pande zote mbili, upana kama wa kidole. Weldi yenyewe iko safi na bomba kwingine liko safi. Mwenye boti anadai nimemwekea stenlesi feki na hataki kunimalizia pesa. Kijana wangu yuko chuo, anasema ng’ambo kuna mashine inayosoma chuma atomu moja baada ya nyingine. Nikipata njia ya kupeleka kipande, itaniambia kosa ni la chuma au la mkono wangu? Na inasomaje kitu kisichoonekana?”

Marahaba, fundi. Pole kwa pesa iliyokwama. Nikujibu kwanza, kisha nieleze. Mashine hiyo ipo, kijana wako hakukosea. Inaitwa probu ya atomu, na kazi yake ni tomografia, yaani kuchora umbo la ndani la kitu katika pande zote tatu. Inaweza kuonyesha kilichotendeka kando ya weldi kwa undani ambao vyombo vingine vingi haviufikii. Lakini kwa kesi yako na mwenye boti si ya kuanzia, na bei siyo sababu kubwa. Probu ya atomu hujibu swali dogo sana kwa usahihi mkubwa sana. Ukiipelekea swali ambalo hujalichuja, itakupa jibu la kweli kuhusu mahali pasipohusika.

Tuanze na chuma chenyewe. Stenlesi ni chuma kilekile tunachokijua, ila kimetiwa kromiamu. Kromiamu ikifika asilimia 11 au 12 hivi, huungana na oksijeni ya hewani na kuufunika uso wote kwa utando mwembamba wa nanomita 1 hadi 3. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Ukiukwaruza utando huo, hujifunga wenyewe papo hapo, mradi chini yake pawe na kromiamu ya kutosha. Stenlesi ya kawaida ya madukani, namba 304, ina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli 8. Namba 316 imeongezewa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayostahimili chumvi zaidi. Hapa kwetu kusi ikivuma chumvi huletwa na hewa mpaka ndani ya kabati la nguo, seuze reli ya boti.

Sasa ingia ndani ya bomba. Chuma kimejengwa kwa punje zilizoshikana kama wali uliogandamana, kila punje ikiwa na upana wa makumi ya mikromita (mikromita moja ni nanomita elfu moja). Mahali punje mbili zinapokutana tunapaita mpaka wa punje. Stenlesi ikikaa kwa muda kwenye joto la nyuzi 450 hadi 850, kaboni iliyomo hukimbilia mipakani, ikashikana na kromiamu na kuwa kabidi. Kromiamu hiyo imechotwa palepale jirani, kwa hiyo kandokando ya mpaka hubaki ukanda mwembamba sana, makumi ya nanomita, ambao kromiamu yake haifiki kile kiwango cha kujifunga. Chumvi hupenya hapo. Weldi yenyewe iliyeyuka kisha ikapoa. Bomba la mbali halikupata moto. Katikati yake ndipo chuma kilipopitia joto hilo baya. Ndiyo maana kutu ya namna hii hupenda kando ya weldi, pande zote mbili, kama ulivyoeleza.

Ukanda wa makumi ya nanomita, ambamo jambo lote linaamuliwa na atomu ngapi za kromiamu zimebaki: hilo ndilo aina ya swali ambalo probu ya atomu iliundwa kulijibu.

Namna inavyofanya kazi, fikiria nyumba ya zamani ya Mji wa Kale, ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Unataka kujua kila jiwe lilikaa wapi. Ukiipiga picha, utapata ukuta wa nje tu. Lakini ukiibomoa kuanzia juu, jiwe moja moja, kila jiwe ukalipima uzito na kuandika lilikotoka na limetoka la ngapi, unaweza kuichora nyumba nzima upya kwenye karatasi, vyumba na kuta za ndani pia. Probu ya atomu huifanyia chuma kazi hiyo. Nyumba haibaki, inabaki ramani.

Ili kubomoa kwa mpango, chuma huchongwa sindano. Si sindano ya cherehani. Nusu-kipenyo cha ncha yake ni nanomita 50 hadi 100, na unywele wako mmoja una unene unaoizidi mamia ya mara. Ukali huo una sababu. Umeme hujikusanya kwenye ncha kali, kama kwenye kinga ya radi juu ya mnara. Ili kuing’oa atomu ya chuma kutoka kwa wenzake unahitaji volti 33 hivi kwa kila nanomita. Kwenye uso bapa ungetafuta volti milioni 33 kwa umbali wa milimita moja, jambo lisilowezekana. Kwenye ncha kali namna ile, volti 2,000 hadi 15,000 zinatosha. Kila metali ina kiwango chake: alumini hung’oka kwenye volti 19 hivi kwa nanomita, tangisteni husubiri 57.

Sindano huwekwa kwenye chemba iliyoondolewa hewa kabisa, ikapoozwa kati ya nyuzi 190 na 250 chini ya sifuri ili atomu zisitembeetembee juu ya uso kabla ya zamu yake. Volti hupandishwa mpaka karibu na kiwango cha kung’oa, zikasimama hapo. Kisha unapigwa msukumo mfupi mno wa umeme, au mmweko wa leza, maelfu kwa maelfu kila sekunde. Misukumo mingi haing’oi kitu. Mmoja mmoja huing’oa atomu, ikaruka ikiwa imepungukiwa elektroni moja au mbili. Atomu ya namna hiyo ndiyo tunayoiita ioni.

Hapo ndipo uzito unapopimwa, na napenda sana urahisi wake. Isukume ngalawa na jahazi kwa nguvu ileile, ngalawa itatangulia. Saa huanza kuhesabu msukumo unapopigwa na husimama ioni inapogonga kioo cha kupokelea. Tuseme kioo kiko sentimita 10 mbele na umeme ni volti 10,000, na kila atomu imepoteza elektroni mbili. Atomu ya kromiamu yenye uzito 52 (kwa kipimo ambacho hidrojeni ni 1) itafika baada ya nanosekunde 367 hivi; nanosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni. Ya chuma, uzito 56, nanosekunde 381. Ya molibdenamu, uzito 98, kama 504. Kati ya chuma na kromiamu pana nanosekunde 14 tu, lakini kwa saa za siku hizi hiyo ni nafasi pana.

Mahali ioni ilipogonga kioo panaonyesha ilikotoka kwenye ncha, kwa sababu ncha ni duara kama kichwa cha yai na ioni hutoka kwa kutawanyika kama miale. Kutawanyika huko hukuza picha kwa takriban mara milioni moja, bila lenzi yoyote. Kina nacho hupatikana kwa zamu: iliyogonga mwanzo ilikuwa juu, iliyofuata ilikuwa chini yake. Kompyuta hukusanya mamilioni ya nukta hizo na kuijenga sindano upya. Kwa kina inaweza kutofautisha nanomita 0.1 hadi 0.3, kwa upana, 0.3 hadi 0.5. Atomu za chuma zimeachana kama nanomita 0.25, kwa hiyo utaona tunasema “karibu na kiwango cha atomu”. Neno “karibu” lina kazi yake hapo. Tena kioo hakidaki kila ioni. Kulingana na aina ya mashine, hudakwa theluthi moja na kitu mpaka nne katika kila tano. Nyingine hupita bila kuandikwa.

Aliyeanzisha njia hii ni Erwin Müller, Mjerumani aliyehamia Marekani. Tarehe 11 Oktoba 1955, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, yeye na mwanafunzi wake kutoka India, Kanwar Bahadur, waliitazama ncha ya tangisteni na wakawa watu wa kwanza kuona atomu moja moja. Mwaka 1967 Müller, pamoja na John Panitz na Brooks McLane, akaongeza kipimo cha uzito, ikawa probu ya atomu. Waingereza wa Oxford na Wafaransa wa Rouen waliifanya ichore ramani za pande tatu, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Leza ilipokuja kutumika kwa upana, hata vitu visivyopitisha umeme vikaanza kusomeka.

Sasa kwa nini nimekuambia swali lazima lichujwe. Gramu moja ya chuma ina atomu zinazoandikwa kwa 1 ikifuatwa na sifuri 22. Sindano nzuri huleta atomu milioni 10 au 20, wakati mwingine mamia ya milioni. Atomu milioni 20 za chuma zikikusanywa ni kisilinda chenye nusu-kipenyo cha nanomita 30 na urefu wa nanomita 80 hivi. Punje moja ya stenlesi yako ina upana wa nanomita 20,000 au zaidi. Ukichonga sindano popote tu kwenye bomba, utaangukia katikati ya punje, mahali ambapo kila kitu kiko sawa, na mashine itakuandikia kwa uaminifu kromiamu asilimia 18. Mwenye boti ataichukua karatasi hiyo na kusema: unaona, chuma hakina kosa, kosa ni lako. Karatasi itakuwa kweli tupu na haitahusu kutu yako hata kidogo.

Kazi kubwa, basi, huwa kabla ya mashine kuwashwa. Mpaka wa punje hutafutwa kwanza kwa hadubini ya elektroni, kisha sindano huchongwa ili mpaka huo uangukie kwenye ncha. Kuna njia ya zamani: kijiti cha chuma cha nusu milimita hupitishwa kwenye kitanzi cha waya chenye tone la asidi ya pekloriki, umeme ukapitishwa, na wewe unatazama kwenye hadubini kiuno kikikonda mpaka kipande cha chini kinadondoka. Usipokata umeme mara hiyo, ncha inakuwa butu. Kwa mpaka mmoja uliouchagua, njia hiyo ni ya kubahatisha, ndipo hutumika mwale wa ioni za galiamu, unaochonga kama kalamu ya moto. Galiamu nayo huacha alama. Kwa alumini ni balaa, kwa sababu huingia kwenye mipaka ya punje yenyewe, pale pale ulipotaka kupasoma pakiwa safi.

Naikumbuka sindano ya kwanza niliyoichonga kwa mikono yangu, nikiwa mwanafunzi mbali na nyumbani. Siku ya kwanza nilitafuta mpaka wa punje niliouridhia, nikauwekea alama ya platinamu. Siku ya pili nilikata kabari ndogo iliyoubeba, nikaigandisha juu ya nguzo ya silikoni, nikaizungushia mwale duara baada ya duara, kila duara dogo kuliko lililotangulia, hadi mpaka ukabaki nanomita kama 100 chini ya ncha. Siku ya tatu ikaingia kwenye mashine. Volti zikapanda taratibu, 2,000, 3,000. Kwenye skrini nukta zikaanza kudondoka kama manyunyu ya kwanza ya vuli kwenye vumbi, moja hapa, moja pale, na kila nukta ni atomu iliyokuwa ndani ya chuma sekunde ile. Baada ya dakika kumi nukta zilikuwa zimejipanga pete kwa pete kuzunguka doa jeusi. Huo ndio mpangilio wa atomu ndani ya punje, unajichora wenyewe bila mtu kuuchora. Nilisimama kwenye kiti.

Kadiri atomu zinavyong’oka ncha hupungua ukali, kwa hiyo volti lazima ziendelee kupanda. Zilipofika 4,000 na kidogo skrini ikazima nukta zote kwa pamoja. Sindano ilikuwa imevunjika. Mvuto wa umeme ule huikaza ncha kwa nguvu kubwa mno, na popote penye udhaifu ndipo inapokatika. Na mpaka wa punje wenye kabidi ni udhaifu. Siku tatu zikaenda kwa mkupuo. Nyingine mbili zilivunjika vilevile. Ya nne ikashuka hadi chini, na nilipomaliza kuijenga kwenye kompyuta niliona karatasi nyembamba ya atomu za kaboni imesimama wima katikati ya wingu la chuma, na kandokando yake kromiamu imepungua, hatua kwa hatua, nanomita kwa nanomita. Niliisoma habari hiyo vitabuni miaka mingi. Kuiona atomu kwa atomu ni jambo jingine, na mpaka leo nikifundisha somo hilo huanza na picha ile.

Mtego mmoja nautaja kwa ajili ya kijana wako, kwa kuwa unahusu chuma hikihiki. Mashine haisomi jina la atomu. Husoma uzito uliogawanywa kwa elektroni zilizopotea, basi. Sasa, atomu za metali moja hazina zote uzito mmoja: kuna chuma chenye uzito 54 na kuna kromiamu yenye uzito 54. Zinafika pamoja, hazitenganishiki. Nikeli ya 58 na chuma cha 58 hali kadhalika. Chuma cha 56 kilichopoteza elektroni mbili hufika na silikoni ya 28 iliyopoteza moja. Asiyejua hili atahesabu kromiamu ambayo haipo, na kwenye kesi ya kutu hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Dawa yake ni uwiano wa asili: katika kila atomu 100 za chuma, 92 hivi ni za uzito 56 na 6 hivi ni za 54, katika kromiamu, 84 hivi ni za 52 na 2 na kitu ni za 54. Unahesabu zile zisizo na utata, kisha unaligawa lile fungu la 54 kwa haki. Mwanafunzi anayeliweza hilo kwa kalamu na karatasi ameshaielewa mashine kuliko anayejua kubonyeza vitufe vyake.

Mashine moja hugharimu mamilioni ya dola. Ziko kwenye maabara kama za Oxford, Rouen, Düsseldorf na Sydney. Watu hawazinunui kwa ajili ya reli, ila kwa maswali yasiyo na njia nyingine. Hidrojeni ni mojawapo, na linagusa mafundi wa bandarini. Boliti ngumu sana iliyooshwa kwa asidi na kupakwa zinki kwa umeme inaweza kumeza hidrojeni, ikafungwa vizuri, kisha ikakatika yenyewe siku kadhaa baadaye bila mzigo kuongezwa. Hidrojeni ni nyepesi kuliko vyote na haikai mahali pamoja, tena iko ndani ya chemba ya mashine yenyewe, hujui ipi ni ya chuma na ipi ni ya chemba. Watafiti walitumia deuteriamu, ile hidrojeni nzito ya uzito 2, wakaigandisha sindano kwa baridi kabla haijatoroka. Mwaka 2020 wenzetu wa Sydney walionyesha ilivyonaswa kwenye mipaka ya punje, kwenye mistari ambapo atomu zimekosa mpango, na kwenye uso wa kabidi za niobiamu. Tangu hapo mtu anayeunda chuma cha kubeba hidrojeni anajua aweke mtego wa aina gani na wapi.

Na zirkoni pia, madini yaleyale yaliyokuwemo kwenye mchanga mzito wa Kwale uliopakiwa melini Likoni. Kuna punje ya zirkoni kutoka Jack Hills, Australia ya Magharibi, yenye umri wa miaka bilioni 4.4. Umri ulipatikana kwa kulinganisha urani na risasi (ile metali) iliyozaliwa kutokana nayo, na watu wakauliza: je, kama risasi ilihamahama, hesabu si imeharibika? Mwaka 2014 probu ya atomu ilionyesha risasi imehama kweli, lakini ni makumi ya nanomita tu, ikajikusanya vishada vidogo. Kwa kipimo kinachosoma eneo kubwa kuliko hapo, hakuna kilichopotea, na umri ukabaki palepale.

Turudi Mtongwe. Nimekueleza kisa cha kabidi kwa kuwa ndicho kinachofundishwa, lakini nikiyapima maelezo yako mimi simshuku huyo kwanza. Bomba la reli ni jembamba, hupoa upesi, na kaboni haipati muda mrefu wa kukimbia, labda kama ulirudia kuchomelea hapohapo mara kadhaa au uliacha moto mkali kwa muda. Ninachokishuku zaidi ni ile rangi. Ukimaliza kuchomelea, kando ya weldi hubaki mistari ya manjano, zambarau na buluu, upana kama wa kidole. Hiyo ni oksaidi nene iliyofyonza kromiamu ya uso wa chini yake, na chumvi huipenda. Je, uliisafisha? Na brashi ya waya uliyotumia ilikuwa ya stenlesi au ya chuma cha kawaida? Diski ya grenda iliyokata chuma cheusi asubuhi, ikigusa stenlesi jioni, hupandikiza vipande vidogo vya chuma vinavyoota kutu vyenyewe, na mteja akaona stenlesi imeoza.

Mshukiwa mwingine ni muuzaji. Kuna stenlesi namba 201 inayouzwa kwa jina la 304. Nikeli yake imepunguzwa ikajazwa manganizi, inang’aa vilevile, na sumaku haitakusaidia kuitambua. Baharini haidumu.

Fanya hivi. Sugua sehemu moja yenye kutu kwa asidi ya sitriki, ile ya unga, iliyoyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu. Suuza vizuri na maji baridi yasiyo na chumvi, kisha iache boti iendelee na kazi wiki chache. Kutu isiporudi, ilikuwa ya juu tu, na ni jambo la usafi. Ikirudi kwenye mstari uleule, chuma chini yake kina tatizo. Wakati huohuo tafuta mahali penye bunduki ya eksirei ya kupimia metali; wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu na maabara za ukaguzi huwa nazo, na majibu hutoka kwa sekunde. Mwambie mwenye bunduki akusomee kromiamu, nikeli, molibdenamu na manganizi. Manganizi ikiwa 6 au 7 na nikeli 4 hivi, umeuziwa 201, na risiti yako ndiyo ya kumwonyesha mwenye boti. Kromiamu 18, nikeli 8, molibdenamu hakuna, hiyo ni 304: stenlesi halali, ila haikufaa kwa boti, na nadhani hilo mngegawana. Molibdenamu 2 na zaidi, chuma ni 316 na tuutazame mkono. Bunduki hiyo haisomi kaboni. Kwa kaboni unahitaji kipimo cha cheche cha maabara.

Ukitaka kumaliza ubishi wa kabidi, hata hapo probu ya atomu haihitajiki. Kipande hukatwa, husuguliwa mpaka king’ae kama kioo, kikatiwa kwenye asidi ya oksaliki asilimia 10 huku umeme ukipita kwa dakika moja na nusu, kisha kikatazamwa kwa hadubini ya kawaida. Punje zikiwa zimezungukwa na mitaro mieusi, kabidi zipo. Zikiwa na ngazi tu, hakuna. Kijana wako amwombe mwalimu wake wa maabara ya metali. Ni zoezi zuri la mwanafunzi, na tunajua maana ya mitaro hiyo vizuri zaidi leo kwa sababu kuna waliokaa na sindano zao wakazihesabu atomu za kando yake.

Kwa reli ijayo tumia 316L. Herufi L ni ya kaboni kidogo, isiyozidi asilimia 0.03, na rodi nayo iwe ya L. Pitisha gesi ya agoni ndani ya bomba unapochomelea. Ile rangi iondoe yote kwa pesti ya asidi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, lakini uvae glavu na miwani na usiiguse kwa ngozi, maana nyingi zina asidi ya hidrofluoriki inayopenya mpaka mfupani kabla hujasikia maumivu.

Kipande cha sasa usikipige msasa wala usikitupe. Kata sentimita tano zenye weldi katikati na kutu pande zote mbili, na sentimita tano nyingine kutoka mbali na weldi kwenye bomba hilohilo. Kata kwa msumeno wa mkono, taratibu, kisipate joto. Vikaushe, kila kimoja kifunge kwenye mfuko wake, uandike tarehe, rodi uliyotumia na duka ulikonunua bomba. Nitakuwa Mombasa kabla ya kaskazi kuanza, na ningependa kukitazama mwenyewe.